Shajara ya mradi, wiki ya sita: Kuitafuta sifuri mjini Delft

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wanafunzi watakaoupokea mradi wetu baada yetu, na kwa ajili ya jamaa zangu wa Kigogo, Dar es Salaam, ambao ndio hasa tunaowatengenezea kifaa. Ninasomea uhandisi wa maji katika taasisi ya IHE Delft, nchini Uholanzi, iliyoanza mwaka 1957 kuwafundisha wahandisi wanaotoka nchi kama zetu. Kifaa chenyewe ni kidogo. Ni kihisi kinachotoa mlio usiosikika kwa sikio la binadamu, kikaunasa mwangwi wake unaporudi kutoka kwenye uso wa maji, na kwa kuhesabu muda uliopita kikajua maji yako umbali gani chini yake. Kikifungwa chini ya daraja la mto kama Msimbazi, kitaweza kutuma ujumbe kwa simu pindi maji yanapoanza kupanda. Kwa sasa tumekifunga juu ya mtaro wa shamba la ng'ombe upande wa Abtswoude, kusini mwa mji, ambako mzee mwenye shamba ametukubalia kwa moyo mkunjufu.

Tuko wanne, na hatuitani kwa majina. Mwenzetu mkubwa ni dada kutoka Khulna, Bangladesh, ambaye sote tunamwita Apa, kwa kuwa hivyo ndivyo Wabengali wanavyomwita dada mkubwa. Kijana wa Beira, Msumbiji, anamwita kila mtu "mano", yaani kaka kwa Kireno cha kwao, na jina hilo limemrudia mwenyewe. Wa tatu ni Mkenya wa Budalang'i, mahali ambapo mto Nzoia humwaga maji yake mashambani karibu kila unapofurika. Huyo ni Ndugu. Mimi naitwa Dada.

Jumatatu

Wiki imeanza vibaya. Tulikaa mezani saa tatu asubuhi kulinganisha vipimo vya siku kumi zilizopita, na havikulingana hata kidogo. Kifaa kilionyesha kwamba maji yako chini kwa sentimita 5 kuliko tulivyoyapima kwa futikamba saa ile ile. Hilo tungeweza kulivumilia kwa siku moja au mbili. Lililotushtua ni daftari. Vipimo vya Ndugu na vyangu, vya mtaro mmoja na asubuhi moja, vilipishana kwa sentimita 31.

Ilichukua nusu saa ya maneno makali kugundua kwamba hakuna aliyekosea kupima. Ndugu alipima kutoka ncha ya juu ya bomba la plastiki linaloshikilia kihisi. Mimi nilipima kutoka ubao wa kivuko, kwa sababu ndipo ninapoweza kusimama bila kuteleza. Apa alipima kutoka ukingo wa nyasi, na ukingo huo umeshuka tangu mvua za wiki ya tatu. Mano alikiri kwamba yeye alifuata popote alipomkuta mwenzake amesimama. Kila mmoja wetu alikuwa na sifuri yake, na kwa wiki tano hakuna aliyewaambia wenzake sifuri hiyo iko wapi.

Msimamizi wetu alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza swali moja tu: mtakapokipeleka kifaa Dar es Salaam, mtamwambia mtu wa Kigogo kwamba maji yamepanda mita 2 kutoka wapi? Sikuwa na jibu. Nimeandika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na wiki yote tutalifanyia kazi.

Jumanne

Leo tumeshughulikia zile sentimita 5. Mano ndiye aliyekuwa na wazo, na lilikuwa wazo zuri: sauti haiendi kwa mwendo mmoja katika baridi na katika joto. Programu tuliyoiandika ilichukulia kwamba sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kipimo ambacho ni sahihi kwa hewa ya nyuzi 20 za selisiasi. Hewa juu ya mtaro wetu mwezi huu wa Novemba ina nyuzi 6, na kwa nyuzi 6 sauti husafiri takriban mita 335.

Ili tusiridhike na hesabu peke yake, tulipima mita 2 kamili kwa futikamba kutoka ukutani, kwanza ndani ya banda la baiskeli lisilo na joto la mashine, kisha kwenye korido ya bweni yenye nyuzi 21. Bandani kifaa kilisoma mita 2 na sentimita 5, kikiwa kimeongeza karibu sentimita 5 ambazo hazipo. Koridoni kilipungukiwa na nusu sentimita tu. Tulirudia mara sita, Apa akiandika na mimi nikishikilia ubao, vidole vikiwa vimekufa ganzi, na jibu likawa lile lile.

Kwa wasomaji wa nyumbani jambo hili lina uzito wa pekee. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 31, sauti hukimbia takriban mita 350 kwa sekunde, na kifaa kile kile kingeonyesha maji yako juu kwa sentimita 4 kuliko yalipo. Maana yake ni kwamba kifaa kilichorekebishwa kwa jicho katika baridi ya Uholanzi, kikipelekwa kwetu bila mabadiliko, kingedanganya kwa karibu sentimita 9 kwa kila mita 2. Nimewahi kuona sentimita 9 zikitenganisha chumba kikavu na chumba ambacho godoro lake linaelea. Tumeongeza kipimajoto kidogo kando ya kihisi, na programu sasa inakokotoa mwendo wa sauti upya kila inapopima. Tatizo hili limekwisha. Lililobaki ni lile la sifuri.

Jumatano

Msimamizi alitupa ruhusa ya siku nzima, tukapanda treni kwenda Amsterdam kuiona sifuri ya Waholanzi. Nilidhani ni msemo tu, kumbe ni kitu cha shaba kinachoshikika.

Kipo chini ya jengo la halmashauri ya jiji, pale Waterlooplein, ambako unashuka ngazi hadi kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini, na juu ya nguzo hiyo kuna kifundo cha shaba kisichozidi ukubwa wa limau. Kimo chake ndicho sifuri ya nchi nzima, ambayo kwa Kiholanzi wanaiita kwa kifupi NAP. Juu yake, kwenye ukumbi, kumesimamishwa mirija mirefu ya kioo yenye maji. Miwili inapanda na kushuka kufuatana na bahari ilivyo saa hiyo huko IJmuiden na Vlissingen, na wa tatu hausogei. Huo umeachwa ukionyesha mita 4.55 juu ya sifuri, kimo ambacho bahari ilifikia Vlissingen katika mafuriko ya mwaka 1953. Mrija huo ulitupita vichwa sote wanne, hata Mano, ambaye akisimama mlangoni huwa anainama. Apa aliutazama kwa muda mrefu bila kusema neno, na sisi hatukumharakisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 tufani ya kaskazini-magharibi ilikutana na maji ya bamvua, yaani kujaa kukubwa kwa bahari, matuta ya kuzuia maji yakapasuka, na watu 1,836 wakafa katika nchi hii. Mtu wa pwani anaelewa bila kufafanuliwa. Kwetu pia, bamvua linapojaa kwenye mlango wa Msimbazi huku mvua ikinyesha bara, maji ya mto hukosa pa kwenda, na eneo la Jangwani hugeuka ziwa.

Historia ya sifuri yenyewe ndiyo iliyonigusa zaidi. Kati ya mwaka 1683 na 1684, jiji la Amsterdam lilipima kujaa kwa maji siku baada ya siku kwa mwaka mzima, kisha meya Johannes Hudde, ambaye alikuwa pia mwanahisabati, akaamuru mawe manane ya marumaru yajengewe kwenye malango ya maji ya mji, yakiwa yamechongwa mstari unaoonyesha kimo cha tuta la bahari. Kutokana na kipimo hicho cha maji ya mji mmoja, nchi nzima ilikuja kupimwa, na leo hata upimaji wa vimo vya Ulaya unaanzia hapo. Kuna vifundo vya shaba vipatavyo 35,000 vilivyopachikwa kwenye kuta za makanisa, madaraja na majumba ya watu, kila kimoja kikijulikana kiko juu au chini ya sifuri kwa kiasi gani, na mwananchi yeyote anaweza kuvitafuta kwenye ramani.

Ndani ya treni ya kurudi, Ndugu alifungua ramani hiyo kwenye simu na kukikuta kifundo kimoja kwenye daraja la matofali lililo karibu kabisa na shamba la mzee wetu. Tumelipita daraja hilo kwa baiskeli labda mara arobaini.

Alhamisi

Tulijua sifuri iko wapi. Kazi ikawa kuileta mtaroni. Kutoka kifundo cha darajani hadi kifaa chetu ni hatua zipatazo ishirini, na chombo cha upimaji tulichotarajia kuazima kilikuwa kimechukuliwa na kundi jingine hadi wiki ijayo. Hapo nikamkumbuka mjomba.

Mjomba wangu ni fundi mwashi, na tangu utotoni nimemwona akiupiga msingi levo bila chombo chochote cha gharama, kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Fundi mmoja anashika ncha moja ukutani, mwenzake anapeleka ncha ya pili kona ya mbali, na maji yakitulia huwa yamesimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama katikati mpira umelala bondeni. Nilimtumia Ndugu ujumbe: tafadhali pitia dukani, uniletee mpira mrefu, mwembamba, unaoonyesha ndani. Alipiga simu akiwa dukani, amechanganyikiwa kwa dhati, akaniuliza mpira mrefu ndio mpira wa namna gani. Kwao ninachokitaka ni paipu. Mpira ni wa kuchezea. Alirudi na mita 25 za paipu, na siku nzima amekuwa akiuita mpira kwa ajili yangu, nami nikiuita paipu kwa ajili yake.

Jaribio la kwanza lilitupa jibu lisilowezekana. Nilimrekodia mjomba ujumbe wa sauti. Dar es Salaam iko mbele yetu kwa saa mbili, ilikuwa saa tisa alasiri kwake, yuko kazini, na bado alijibu papo hapo, nyundo zikisikika nyuma yake. "Mwanangu, umetoa mapovu?" Hatukuwa tumetoa. Tuliuinua mpira na kuukagua kwa pamoja, na karibu na nyasi ndefu kulikuwa na povu moja lenye urefu wa kidole, limetulia kana kwamba ni sehemu ya maji. Povu moja kama hilo linatosha kuyazuia maji yasisawazike. Tukaumwaga mpira wote, tukaujaza tena polepole kutoka ndoo iliyo juu, tukiupigapiga kwa vidole hadi mapovu yote yakapanda na kutoka. Apa akaongeza chai ya rangi kidogo kwenye ndoo ili uso wa maji uonekane vizuri ndani ya mpira, na hilo likatusaidia kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa saa kumi na nusu jioni za Novemba giza linaingia.

Mano alishika ncha kwenye kifundo cha shaba, mimi nikashika ncha ya pili kwenye nguzo ya kifaa. Tukasubiri. Maji ya rangi ya chai yalipanda, yakashuka, yakapanda tena kidogo, yakatulia. Ndugu akachora mstari kwa kalamu ya seremala. Tulirudia mara tano, na mistari yote mitano ikaangukia ndani ya unene wa sarafu. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, tunajua uso wa maji ya mtaro huu uko wapi: karibu mita 3 chini ya sifuri ya Amsterdam. Mzee alikuja na tochi kuona tunafanya nini, akautazama mstari, akatikisa kichwa kukubali, na kutuambia kwamba namba hiyo anaijua tangu utoto. Kila majira ya kupukutika majani baraza la maji hupita kukagua kama wenye mashamba wamesafisha mitaro yao, naye hajawahi kukutwa na mtaro mchafu. Baraza hilo la Delfland lipo tangu mwaka 1289.

Kwa ajili ya kumbukumbu: usiku uliotangulia ng'ombe walikuwa wametafuna waya wa betri, na vipimo vya muda wa saa saba vimepotea. Mzee mwenyewe ametuwekea uzio wa kamba.

Ijumaa

Mchana tulisafisha takwimu za nyuma, kila daftari likirekebishwa kufuata mstari mmoja, na zile sentimita 31 zikayeyuka hadi kubaki 1. Sina zaidi la kusema juu ya mchana.

Usiku ndio ninaotaka kuuandika. Mvua ilinyesha tangu alasiri, na Apa alisema kwamba kwao siku ya mvua ni siku ya khichuri, mchele na dengu vilivyopikwa pamoja na manjano hadi vikalainika. Mano alipika matapa, na nilipoonja kijiko cha kwanza nilishindwa kuzungumza, kwa sababu kilikuwa kisamvu cha nazi na karanga, kilichopikwa na mtu ambaye hajawahi kulisikia neno kisamvu. Ndugu alisonga ugali kwa unga alioufuata Rotterdam. Mimi nilitoa kachumbari, na Apa akasema pilipili yangu ni ya watoto.

Baada ya kula, mazungumzo yalirudi yenyewe kwenye alama. Nilianza mimi. Desemba 2011, Dar es Salaam ilipofurika na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, maji yaliingia nyumbani kwa bibi Kigogo. Yalipotoka, mjomba alichukua kipande cha mkaa akachora mstari ukutani, kando ya mlango wa jikoni, pale tope lilipokomea. Mstari huo upo hadi leo. Ukuta umepakwa rangi mara mbili na mara zote mbili bibi amemwamuru mpakaji auruke.

Apa alisema kwao alama haikuwa mstari. Kimbunga Aila, Mei 2009, kilivunja matuta ya visiwa vya kilimo kusini mwa Khulna, na mahali pengine mapengo hayakuzibwa kwa karibu miaka 2, kwa hiyo maji ya chumvi yaliingia na kutoka na kila kujaa na kupwa kwa bahari. Nguzo za nyumba ya mjomba wake zina ukanda mweupe wa chumvi, mpana kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe, akiuweka juu ya meza kando ya sahani.

Ndugu alisimulia ukuta wa shule ya msingi ambayo familia yao hukimbilia Nzoia inapofurika. Wazee wa pale huyapanga mafuriko kwa madirisha: yale yaliyofika chini ya dirisha, yale yaliyofika katikati, na yale ambayo watoto walitolewa kupitia dirishani. Mano alikaa kimya muda mrefu zaidi. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira mwezi Machi 2019, ukuta ambao ungebaki na alama uling'olewa na upepo pamoja na paa, kwa hiyo mama yake huonyesha kimo cha maji kwa kuweka mkono juu ya bega la mdogo wake wa mwisho, kama alivyokuwa siku ile. "Na sasa mdogo wangu ananizidi urefu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Sote tulikuwa tumefika mahali pamoja. Tuliziangalia alama nne zile, zote za kweli, zote zimelipiwa kwa gharama kubwa kuliko kifaa chochote, na hakuna hata moja tunayoweza kuilinganisha na nyingine, wala na kipimo cha kesho. Mwaka 2015, nikiwa Chuo Kikuu Ardhi, nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliozunguka kata za Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria, nikiwauliza watu maji yalifika wapi. Walinionyesha magoti, viuno na madirisha, nami nikaandika. Sikuwauliza magoti hayo yalikuwa yamesimama juu ya nini.

Jumamosi

Tulitoka kwa baiskeli saa mbili na nusu asubuhi kwenda Nieuwerkerk aan den IJssel, safari ya kilomita zipatazo 25 kwa kwenda tu. Nilijifunza kuendesha baiskeli hapa Delft mwezi Agosti, nikiwa na umri wa miaka 27, na mwalimu wangu alikuwa Ndugu, ambaye baba yake aliwavusha abiria mpakani Busia kwa baiskeli enzi ambazo neno bodaboda lilikuwa na maana hiyo tu. Alikuwa akikimbia kando yangu kwenye uwanja wa maegesho, ameshika kiti, akiniambia nisitazame gurudumu.

Upepo ulitupiga usoni tangu Berkel en Rodenrijs. Nyumba za kioo za kuoteshea mboga zinaendelea pale hadi jicho linachoka. Kabla ya kuufikia mto Rotte, baiskeli ya Mano ilipata pancha, na Ndugu aliiziba ukingoni mwa njia kwa dakika chache, akiutafuta uvujaji kwa kuuzamisha mpira wa ndani kwenye maji ya mtaro na kungoja mapovu. Mano akasema, haya sasa ni mapovu tunayoyataka.

Kandokando ya barabara, ndani ya bonde la Zuidplaspolder lililokaushwa karne ya 19, kuna alama inayoonyesha mahali panapotambulika kuwa pa chini kabisa nchini Uholanzi: mita 6.76 chini ya sifuri. Hakuna cha kuonea fahari pale, ni nyasi na kelele za magari. Lakini tulikuwa tumekwisha kukiona kifundo cha shaba, na nilipoinua macho kukadiria mita 6.76, nikaupata mstari wa bahari tulivu juu ya paa la nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa ng'ambo. Ndani ya nyumba hiyo mtu alikuwa akianika nguo dirishani.

Kutoka hapo tulikwenda hadi Groenendijk, tuta linalofuata mto Hollandse IJssel. Alfajiri ile ya mwaka 1953 tuta hili lilianza kukatika, na nyuma yake walilala watu wapatao milioni 3. Nahodha Arie Evegroen alitakiwa na meya alipeleke jahazi lake la mizigo, De Twee Gebroeders, likazibe pengo. Aliliongoza kwa uangalifu hadi likajilaza kwenye ufa kama mlango unaofungwa, maji yakapungua nguvu, na watu wakapata muda wa kujaza mifuko ya mchanga. Kuna sanamu pale ya kumkumbuka. Jina la jahazi maana yake ni Ndugu Wawili, na Ndugu wetu alipotafsiriwa aliomba apigwe picha kando yake, tukampiga.

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa mgongoni. Apa aliimba wimbo wa wavuvi wa kwao karibu njia nzima.

Jumapili

Nilipiga simu nyumbani saa nne asubuhi, saa sita mchana kwao. Nilikuwa nimemwomba mjomba apime mstari wa mkaa, naye alikuwa tayari na jibu: kutoka sakafuni hadi mstarini ni sentimita 92. Niliandika. Ndipo nikamsikia bibi kwa mbali, akisema kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto kwamba siku ile maji yalimfika kifuani, kwamba alitoka ameweka sanduku la vyeti kichwani, na sentimita 92 ni kiunoni.

Mjomba alinyamaza. Kisha akasema, "Sakafu hiyo si ile."

Mwaka 2012 alikuwa ameinyanyua sakafu kwa kozi moja ya tofali na zege juu yake, ili maji yajayo yasiingie upesi. Aliijenga kwa mikono yake na alikuwa ameisahau. Kozi ya tofali pamoja na zege ni kama sentimita 25, na 92 ukijumlisha na 25 unapata mita 1 na sentimita 17, yaani kifuani kwa bibi. Nilimwomba nizungumze naye, nikamshukuru. Alitaka kujua kama ninavaa sweta.

Mjomba na mimi tulizungumza kwa karibu saa nzima. Sakafu haifai, kizingiti hakifai, kwa sababu mabondeni kila mwenye uwezo huvinyanyua. Mti hukua na ukingo wa mto huliwa. Hatimaye ametaja msingi wa mnara wa msikiti, ulio juu kidogo ya mtaa, uliomwagwa zege na fundi aliyemfundisha yeye kazi, na ambao hajawahi kuuona umepata ufa. Ataomba ruhusa ya imamu ili apachike msumari mmoja wa chuma hapo, na huo ndio utakaokuwa sifuri ya Kigogo kwa ajili ya kifaa chetu. Kutoka msikitini hadi mlango wa jikoni wa bibi ni hatua kama mia moja na hamsini, na mpira wake ni wa mita 30, kwa hiyo itabidi apeleke kimo kwa vituo vitano, akipigilia vigingi vya muda njiani, kisha arudi akipima kinyume hadi msumarini ili tujue amekosea kwa kiasi gani. Nimemweleza kwamba tutakubali tofauti ya sentimita 1. Amesema hajawahi kumkabidhi mtu nyumba yenye tofauti hiyo.

Kazi za wiki ya saba: Mano kuandika upya sehemu ya programu inayotuma ujumbe, ili kila ujumbe utaje kimo kutoka msumarini na siyo kutoka kwenye kihisi, Apa na Ndugu kupima mtaro kila baada ya saa tatu kwa siku mbili mfululizo, mimi kuandaa fomu ya kukusanya alama za mafuriko za majirani, ambamo swali la kwanza litakuwa sakafu imenyanyuliwa lini. Mjomba ataanza Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijaupasha mpira joto upande mmoja.